Ferdinand Braun: Bingwa wa antena aliyefia ugenini

WAKAZI wengi wa Mwanza wanaotaka intaneti nyumbani hukumbana na swali lile lile dukani: wachukue ruta yenye antena zilizochomoza nje kama pembe za swala, au ile iliyo kama kisanduku kisichoonyesha antena yoyote? Wengi huchagua pembe, kwa imani kwamba kinachoonekana ndicho chenye nguvu.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko ruta yenyewe. Aliyelishughulikia kwa pande zote mbili, yaani kwa milingoti mirefu ya nje na kwa waya mdogo uliowekwa ndani ya chumba, ni mwanafizikia wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1909.

Jina lake halijulikani sana Kanda ya Ziwa kama lile la Guglielmo Marconi, Mtaliano aliyegawana naye tuzo hiyo. Hata hivyo, kazi ya Braun ilifika mwambao wa Ziwa Victoria akiwa angali hai. Vituo vya simu ya upepo vilivyosimamishwa na Wajerumani Mwanza na Bukoba, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilikuwa vya Telefunken, kampuni iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya uvumbuzi wake. Kimoja kati ya vituo hivyo kilibomolewa katika mapigano yaliyouacha mji wa Bukoba umeporwa.

Mwalimu wa shule agundua njia ya upande mmoja

Braun alizaliwa Juni 6, 1850 katika mji wa Fulda, katikati ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa mahakama. Kijana huyo alisoma katika Chuo Kikuu cha Marburg, kisha Berlin, ambako mwaka 1872 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti kuhusu mitetemo ya nyuzi.

Fedha za kuendelea na utafiti wa chuo kikuu hazikuwa nyingi. Mwaka 1874 alikwenda Leipzig kufundisha shule ya sekondari, na akiwa huko aliwaandikia vijana kitabu cha hisabati na sayansi. Katika mwaka huo huo alitangaza ugunduzi ambao wakati ule haukuonekana kuwa na kazi yoyote.

Alikuwa akipitisha umeme katika vipande vya madini, ikiwemo galena, ambayo ni mchanganyiko wa risasi na salfa. Aliona kwamba umeme ulipita kwa urahisi kuelekea upande mmoja, lakini ulipogeuzwa ulipata kizuizi. Lilikuwa jambo lililokwenda kinyume na kanuni zilizofahamika, na wanasayansi wenzake wengi hawakulitilia maanani.

Miaka ilipopita, tabia hiyo ya madini ndiyo iliyowezesha redio za kwanza za kioo madini kunasa sauti bila betri. Ndiyo pia iliyotangulia diodi na, hatimaye, vijenzi vidogo vya elektroniki vinavyojaa ndani ya kila simu na kila ruta. Kwa maana hiyo, kifaa cha intaneti kilichowekwa sebuleni Nyamagana au Ilemela kina deni kwa Braun hata kabla ya kuzungumzia antena zake.

Kutoka Leipzig alirudi vyuoni. Alifundisha Marburg, Strasbourg, Karlsruhe na Tübingen, na mwaka 1885 alimwoa Amélie Bühler, ambaye alizaa naye watoto wanne. Mwaka 1895 alirejea Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, akiwa mkurugenzi wa Taasisi ya Fizikia. Huko ndiko alikofanya kazi zilizompatia sifa.

Mwaka 1897 alitengeneza neli ya kioo iliyoweza kuchora mwendo wa umeme kwa nukta ya mwanga. Neli hiyo ndiyo asili ya kioo cha televisheni za zamani, zile ambazo Watanzania wanaziita televisheni za chogo. Braun hakuichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Aliichapisha tu, ili kila mwenye maabara aitumie.

Kutenganisha cheche na antena

Mwaka uliofuata, 1898, wafanyabiashara walimfuata Braun wakitaka maoni yake kuhusu mawasiliano yasiyotumia waya. Miongoni mwa waliomfadhili alikuwepo Ludwig Stollwerck, mwenye kiwanda cha chokoleti wa mjini Cologne. Majaribio ya kwanza ya Braun yalikuwa ya kupeleka ishara kupitia majini. Baadaye akageukia angani, ambako Marconi alikuwa ametangulia.

Marconi alikuwa amefanikiwa kutuma ishara, lakini umbali ulikuwa hauongezeki kirahisi. Kila alipotaka kufika mbali zaidi, alihitaji cheche kubwa zaidi, na cheche hiyo ilirukia ndani ya antena yenyewe. Antena ilibebeshwa kazi mbili kwa pamoja: kuzalisha mtetemo wa umeme na kuutoa nje kama wimbi. Matokeo yake ni kwamba nguvu ilizimika upesi na mawimbi yalitawanyika ovyo.

Braun alizitenganisha kazi hizo. Aliiweka cheche katika saketi yake iliyofungwa, yenye kapasita ya kuhifadhi nguvu na msokoto wa waya. Msokoto huo uliipelekea antena nguvu bila kuunganishwa nayo moja kwa moja. Tangu hapo antena ikabaki na kazi moja tu ya kutoa na kupokea mawimbi. Pia ikawezekana kuzilinganisha saketi na antena ili zitetemeke kwa mwendo mmoja, kama ngoma mbili zilizowambwa kwa mkazo ule ule.

Kuanzia mwaka 1899 majaribio yalihamia Cuxhaven, katika mlango wa Mto Elbe. Septemba 1900, ishara zilisafiri kilomita 62 kati ya Cuxhaven na kisiwa cha Helgoland. Hata Marconi aliufuata utaratibu wa saketi zilizotenganishwa, na kamati ya Nobel ilipowatuza wote wawili mwaka 1909 ilikuwa ikitambua kwamba simu ya upepo haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Mwaka 1903 kampuni za Siemens na AEG ziliunganisha makundi yao ya utafiti, moja likitumia hataza za Braun, na kuunda Telefunken. Serikali ya Kaizari Wilhelm II ilikuwa na sababu ya kuutaka muungano huo. Nyaya za baharini zilizozunguka dunia zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na dola iliyomiliki makoloni Afrika na visiwa vya Pasifiki haikutaka kuomba ruhusa ya mpinzani ili izungumze na maofisa wake.

Milingoti yasimama Mwanza na Bukoba

Hivyo ndivyo milingoti ya Telefunken ilivyofika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kati ya Mwanza na Bukoba kuna takriban kilomita 180 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ni maji na visiwa. Kuzungusha nguzo na waya pembezoni mwa ziwa, kupitia ghuba na vinamasi vya mafunjo, ilikuwa kazi nzito. Mawimbi yalikata ziwa bila nguzo wala daraja.

Vituo hivyo vilihitaji milingoti ya nje kwa sababu ya kimaumbile. Ukubwa wa antena hufuata urefu wa wimbi linalotumika, na mitambo ya cheche ya wakati huo ilitumia mawimbi yenye urefu wa mamia ya mita na zaidi. Waya wa kuyatoa mawimbi ya namna hiyo haungeweza kuenea ndani ya nyumba. Ilibidi uinuliwe juu sana na kutandazwa mahali peupe.

Kwa ofisa wa kikoloni, mlingoti ulikuwa fahari. Kwa mwenyeji aliyeutazama kutoka mtumbwini, ulikuwa alama nyingine ya utawala uliojipachika ufukweni, kama lile jiwe la bandarini Mwanza ambalo hadi leo linaitwa kwa jina la Bismarck. Wakati wa amani haukumsumbua mtu. Vita vilipoanza, sifa yake ya kuonekana kutoka mbali iligeuka kuwa hatari.

Agosti 1914 vituo vya Wajerumani barani Afrika vilianza kunyamaza. Kile kikubwa cha Kamina, Togo, kiliharibiwa na Wajerumani wenyewe kabla ya adui kukifikia. Dar es Salaam ilishambuliwa kwa mizinga ya meli ya Kiingereza HMS Astraea, ambayo kituo cha simu ya upepo kilikuwa miongoni mwa shabaha zake. Vituo vya ziwani vikawa na thamani kubwa zaidi, na Waingereza waliokuwa Kisumu walilijua hilo.

Juni 1915 jeshi lililoongozwa na Brigedia Jenerali James Stewart lilipakiwa katika meli za ziwani kutoka Kisumu. Lilikuwa na askari kutoka Uingereza, India na Afrika Mashariki, akiwemo mwindaji maarufu Frederick Selous, ambaye umri wake ulikuwa umevuka miaka 60. Lilitua karibu na Bukoba Juni 22, na baada ya siku mbili za mapigano mji ukatekwa.

Mlingoti uliangushwa na ngome ikaharibiwa. Kisha askari waliachiwa kupora. Nyumba na maduka vilivunjwa, na washambuliaji wakapanda meli zao na kuondoka. Wakazi wa Bukoba, ambao hawakuwa na ujumbe wowote wa kutuma kwa mlingoti ule, ndio waliobaki kuhesabu hasara. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1916, Mwanza nayo ikaangukia mikononi mwa Waingereza.

Shahidi aliyekwama New York

Wakati Bukoba inashambuliwa, Braun alikuwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, naye akiwa matatani kwa sababu ya antena. Telefunken ilikuwa na kituo Sayville, katika kisiwa cha Long Island, kilichozungumza moja kwa moja na Ujerumani. Baada ya nyaya za baharini za Ujerumani kukatwa na Waingereza, Sayville ikawa miongoni mwa njia chache zilizobaki za kuiunganisha nchi hiyo na Marekani.

Kampuni ya Marconi ilifungua kesi mjini New York ikidai kwamba kituo hicho kilikiuka hataza zake. Kama madai hayo yangekubaliwa, mahakama ingekifunga kituo ambacho mizinga haingeweza kukifikia. Braun, akiwa na umri wa miaka 64 na afya isiyo nzuri, alisafiri Desemba 1914 kwenda kutoa ushahidi, pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Jonathan Zenneck.

Kesi haikufika mwisho upesi. Marconi mwenyewe alikwenda New York mwaka 1915, lakini Italia ilipoingia vitani mwezi Mei alirudi kwao. Julai mwaka huo Jeshi la Majini la Marekani lilichukua udhibiti wa Sayville. Braun akabaki akisubiri, huku bahari ikiwa imefungwa na meli za kivita.

Aprili 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, na mshindi wa Nobel akageuka raia wa nchi adui. Hakufungwa gerezani. Aliishi Brooklyn, ambako alikuwa na mtoto wake wa kiume, mbali na maabara yake na mbali na familia iliyobaki Ulaya. Alifariki hapo Aprili 20, 1918, miezi saba kabla ya silaha kuwekwa chini.

Vita vilipokwisha, Strasbourg ilirudi Ufaransa na taasisi aliyoijenga ikapata wenyewe wapya. Mwaka 1921 majivu yake yalirudishwa Fulda alikozaliwa.

Waya mdogo ndani ya chumba

Katika yote aliyoyaacha Braun, mawili yanamgusa moja kwa moja mtu anayechagua ruta leo. La kwanza ni jaribio la mwaka 1905. Alisimamisha antena tatu katika pembe tatu na kuzipa umeme kwa kupishana kidogo. Mawimbi yalijumlishana upande mmoja na kufutana upande mwingine, na ishara ikaelekea kule alikotaka bila kuzungusha mlingoti wowote.

La pili ni la mwaka 1913. Akiwa Strasbourg, Braun alitumia fremu iliyozungushiwa waya kupokea ishara zilizotoka Mnara wa Eiffel mjini Paris, umbali wa takriban kilomita 400. Hakuhitaji mlingoti. Fremu hiyo ingeweza kukaa ndani ya chumba na kugeuzwa kwa mkono kuelekea upande wenye usikivu mzuri.

Redio za nyumbani ziliurithi utaratibu huo. Redio za mkononi zilizoenea Usukumani na Uhaya baada ya uhuru zilikuwa na antena mbili: ya chuma inayovutwa nje, na nyingine iliyofichwa ndani, ya waya uliozungushiwa kijiti, kwa ajili ya masafa ya kati. Mzee aliyeigeuza redio yake huku na huku mpaka taarifa ya habari isikike vizuri alikuwa akiigeuza antena ya ndani, hata kama hakuwahi kuiona.

Ruta za leo zimeyabeba yote mawili. Wi-Fi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5, ambayo mawimbi yake yana urefu wa takriban sentimita 12 na 6. Kwa hiyo antena inayofaa inaweza kuwa na urefu wa sentimita chache tu, ikachapwa juu ya ubao wa saketi na kufichwa ndani ya plastiki. Ruta isiyo na pembe haijakosa antena, imezificha.

Teknolojia ya antena nyingi iliingia rasmi katika viwango vya Wi-Fi mwaka 2009. Utaratibu wa pamoja wa kuzielekeza ishara kwa mteja, ambao msingi wake ni ule ule wa antena tatu za Strasbourg, ulifuata katika kiwango kilichopitishwa mwaka 2013. Antena hizo zinaweza kuwa za nje au za ndani. Kinachoamua ni jinsi zilivyolinganishwa na mtambo unaoziendesha, na hesabu ya pembe peke yake haitoshi.

Antena ya nje ina faida zake. Iko mbali kidogo na vijenzi vingine, inaweza kugeuzwa, na kwa baadhi ya ruta inaweza kufunguliwa na kubadilishwa. Lakini antena haizalishi nguvu mpya. Ile inayosifiwa kuwa na nguvu zaidi huichota nguvu ya juu na chini na kuisukuma pembeni, kama mtu aliyekandamiza andazi likatanuka. Ikisimama wima, huwafaa walio sakafu moja nayo na kuwapunja walio ghorofa ya juu.

Antena ya ndani nayo haina unyonge wa kuzaliwa. Ikisanifiwa vizuri pamoja na kisanduku chake, hutosheleza nyumba ya kawaida, na haivunjwi na watoto wala haipindwi na kila apitaye. Udhaifu wake ni kwamba mwenye nyumba hawezi kuigeuza peke yake. Itambidi akihamishe kisanduku chote, kama yule mzee na redio yake.

Kwa Mwanza, mji wa vilima na majabali, mahali pa kuiweka ruta huwa na uzito kuliko aina ya pembe. Ukuta mnene wa mawe, nondo ndani ya zege, bati na tangi la maji humeza au kurudisha mawimbi. Ruta yenye antena nne iliyosukumwa nyuma ya televisheni au kufungiwa kabatini inaweza kushindwa na kisanduku kidogo kilichowekwa juu ya rafu, katikati ya nyumba, pasipo chuma mbele yake.

Nyumba ikiwa kubwa au imegawanywa na mwamba, suluhisho ni kuongeza kituo kingine cha Wi-Fi, hasa kilichounganishwa kwa waya, badala ya kununua pembe ndefu zaidi. Vituo viwili vinavyosikilizana vizuri ndivyo vilivyolishinda ziwa kati ya Mwanza na Bukoba, na kanuni hiyo haijabadilika.

Ujerumani inalienzi jina la Braun kupitia taasisi ya utafiti wa masafa ya juu iliyopo Berlin, inayoitwa Ferdinand-Braun-Institut. Mwambaoni mwa Ziwa Victoria kazi yake imehama kutoka kwenye milingoti ya wakoloni hadi kwenye visanduku vya sebuleni, vingine vyenye pembe, vingine havina, na wanaovitumia sasa ni wenye ziwa wenyewe.